Mishipa ya Kitovu cha Mtoto: Elewa Majibu ya Kipimo Chako

Mama mjamzito anayepimwa altrasaundi mjini Babati anaweza kuambiwa kuwa kamba ya kitovu cha mtoto ina mishipa miwili ya damu badala ya mitatu. Je, aogope?

Kwa kawaida vena moja humpelekea mtoto damu yenye oksijeni na virutubisho kutoka kondo la nyuma, nazo ateri mbili hurudisha damu yenye takamwili. Takriban mimba 1 kati ya 100 huwa na ateri moja tu. Pasipo kasoro nyingine, watoto wengi wa mimba hizo huzaliwa wakiwa wazima. Hata hivyo, ni muhimu moyo na figo za mtoto vichunguzwe na ukuaji wake ufuatiliwe.

Shirika la Afya Duniani linashauri altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Unayo haki ya kuelezwa majibu kwa lugha unayoielewa. Hakikisha yameandikwa kwenye kadi yako ya kliniki, na uulize kama unahitaji rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Ukijifungua, mwombe mkunga ahesabu mishipa kwenye kitovu kilichokatwa.

Mtoto akibadilika rangi kuwa ya bluu mdomoni, akihema kwa shida au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja.