TUJIFUNZE GITAA: UZI MMOJA MMOJA

Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala vyoo. Tunazungumza juu ya gitaa.

Morogoro ni mji wa muziki tangu zamani. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Baadaye ikawapo Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mbaraka Mwinshehe aliingia Morogoro Jazz mwaka 1965, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kwenye maonyesho makubwa ya Osaka. Mwaka 1973 alihama, akaunda Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979. Nyimbo zake zinasikika redioni hadi leo.

Sikiliza wimbo wa bendi hizo kwa makini. Magitaa hayacharazi nyuzi zote pamoja. Utasikia moja linadonoa uzi baada ya uzi, kama kuku anavyodonoa mtama. Ndiyo maana maneno ya mwimbaji yanasikika. Magitaa matatu yakicharazwa kwa pamoja, mwimbaji atapiga kelele bure, na watu watarudi nyumbani hawajui wimbo ulisema nini.

Kijana wa Matombo au Mgeta akipata gitaa, hata la debe lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, anataka kupiga solo siku ile ile. Baada ya mwezi gitaa limetundikwa ukutani. Sisi tunasema aanze na kudonoa.

Kwanza mwombe anayejua akupangie sauti za nyuzi. Nyuzi ni sita. Mwembamba kabisa ni wa 1, mnene kabisa ni wa 6. Shingoni mna vyuma vidogo. Nafasi iliyo karibu na kichwa ni ya 1. Sasa mkono wa kushoto ushike hivi: kidole cha shahada uzi wa 2, nafasi ya 1. Cha kati uzi wa 4, nafasi ya 2. Cha pete uzi wa 5, nafasi ya 3. Mshiko huu wapigaji huuita kodi. Si ile kodi ya kulipa!

Mkono wa kulia: gumba kipige uzi wa 5, shahada uzi wa 3, cha kati uzi wa 2, cha pete uzi wa 1. Halafu rudi, 2 na 3. Basi ni hivi: 5, 3, 2, 1, 2, 3. Wanakwaya watasikia do, so, do, mi, do, so.

Hesabu kwa sauti moja hadi sita, pole pole, kama mtu anayepanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Uzi ukikwaruza, kidole hakijabana. Kisogeze karibu na chuma, lakini kisikae juu yake. Usiharakishe, maana kidole kikizoea kosa ni kazi kukizoesha upya.

Ukishaweza, hamisha kidole cha pete tu: kitoke uzi wa 5, kiende uzi wa 3, nafasi ya 2. Vingine vibaki palepale. Mkono wa kulia uendelee vilevile. Sauti itakuwa ya huzuni kidogo. Hapa ndipo wengi hukwama: mkono wa kulia unasimama kuungoja wa kushoto. Ukiona unasimama, ujue unakwenda mbio. Punguza.

ZOEZI
Piga mshiko wa kwanza mara mbili, wa pili mara mbili, robo saa kila jioni. Baada ya wiki mbili, mwambie mtu wa nyumbani azungumze nawe huku unapiga. Ukiweza kumjibu na vidole visikatike, uko tayari kwa mshiko wa tatu.