Jinsi ya Kuchagua Taa ya Kuvulia Dagaa Usiku Bila Kuzamisha Mtaji

Somo la leo ni la vijana wenye mtumbwi wa dagaa, na wale wanaojipanga kununua wa kwanza. Mifano yangu mingi ni ya Ziwa Victoria, lakini wa Tanganyika anayevua dagaa na migebuka, na wa Nyasa anayevua usipa, naye atapata cha kubeba.

Kwenye mialo mingi sasa karabai zinapungua na taa za sola zinaongezeka. Ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba kijana anakopa kwenye kikundi, ananunua taa tano kwa kuangalia maandishi ya kwenye boksi, halafu saa saba usiku taa zinaanza kufifia wakati samaki ndo wanakusanyika. Anarudi nchi kavu na dagaa wa kujaza sado mbili, na marejesho ya mkopo yanamsubiri. Taa ni mtego kama wavu ulivyo mtego. Ukikosea taa, wavu mzuri hautakusaidia.

KWA NINI DAGAA ANAFUATA MWANGA

Mchana dagaa wa Ziwa Victoria hukaa chini. Giza likiingia anapanda juu kutafuta chakula. Ukiwasha taa, wanaofika haraka ni vijidudu vidogo vya majini ambavyo vingine huwezi hata kuviona kwa macho. Pia wanaanguka wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. Dagaa mwenyewe anavutwa na mwanga, na akifika anakuta meza imeandaliwa, kwa hiyo anabaki.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, taa inahitaji muda, haiiti samaki kwa dakika tano. Taa inayowaka vizuri usiku mzima ina faida kuliko inayong'aa sana kwa saa tatu kisha ikazima. La pili, mwanga mkali kupita kiasi una hasara. Samaki wengine wanabaki pembeni, pale mwanga unapokutana na giza, na wavu wako ukizunguka katikati unakuta wachache.

WATI, LUMENI NA UONGO WA KWENYE BOKSI

Wati ni umeme ambao taa inakula. Lumeni ndiyo mwanga inaotoa. Taa nzuri ya LED inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja, kwa hiyo taa ya wati 10 ni takriban lumeni 1,000. Ukiona boksi linasema wati 200 na taa yenyewe inaenea kiganjani, jiulize maswali.

Kipimo rahisi cha kufanya dukani ni hiki: pima paneli yake kwa rula. Paneli nzuri ya sola yenye ukubwa wa mita moja ya mraba inatoa kama wati 200 jua likiwa kali. Tuseme paneli iliyokuja na taa ni sentimita 20 kwa 20. Hiyo ni sehemu 0.04 ya mita ya mraba, yaani wati 8 tu. Kwa siku yenye saa tano za jua zuri, ukiondoa upotevu wa kawaida, utavuna karibu wati-saa 28. Umeme huo unawasha taa ya wati 10 kwa chini ya saa tatu. Sasa hapo "wati 200" zimetoka wapi? Rula ya shilingi mia chache imekuokolea mamia ya maelfu.

HESABU YA BETRI NA PANELI

Usinunue taa kabla ya kupiga hesabu hii. Tuchukue taa moja ya wati 10, unaiwasha saa 10 kwa usiku.

1. Matumizi: 10 × 10 = wati-saa 100 kila usiku.

2. Betri ya asidi ya volti 12: isishushwe chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa hiyo unahitaji yenye angalau wati-saa 200. Betri ya 18Ah inakupa 12 × 18 = 216. Hiyo inatosha.

3. Betri ya lithiamu aina ya fosfeti: hii unaweza kutumia asilimia 80 bila shida. Ya 12Ah inakupa karibu wati-saa 150, na asilimia 80 yake ni 120. Inatosha, ni nyepesi, na inadumu mizunguko mingi zaidi. Bei yake ndiyo iko juu.

4. Paneli: wati 30 × saa 5 za jua × 0.7 ya upotevu = 105. Inatosha kwa shida. Chukua ya wati 40, maana kuna siku za mawingu na masika hayakuulizi.

Usitumie betri kuukuu ya gari. Ile imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuitumia usiku kucha kila siku ni kuiua.

RANGI YA MWANGA

Maji yanameza rangi kwa viwango tofauti. Nyekundu inapotea mapema kabisa, ndani ya mita chache za juu. Kwenye maji maangavu kama Tanganyika, bluu na kijani-bluu ndizo zinazofika mbali. Kwenye maji yenye mwani mwingi, kama ghuba nyingi za Victoria, bluu inamezwa na kijani inapenya vizuri zaidi.

Je, ununue taa ya kijani? Kwa mvuvi wa kawaida ushauri wangu ni taa nyeupe ya baridi, ile inayoandikwa kati ya 5,000K na 6,500K. Ndani yake kuna bluu na kijani vya kutosha, kwa hiyo inafanya kazi ukihama sehemu moja kwenda nyingine. Ile ya manjano ya 3,000K, inayopendeza sebuleni, ina nyekundu nyingi ambayo maji yataimeza bure. Ya kijani inunue kama unavua maji yaleyale ya kijani muda wote, na uijaribu kwanza.

JUU YA MAJI AU NDANI YA MAJI?

Karabai inatupa mwanga pande zote: angani, machoni kwako, na sehemu tu majini. Faida kubwa ya LED ni kwamba unaweza kuielekeza chini. Chagua yenye kofia, au tengeneza kofia ya bati, na mwanga uingie majini ukiwa wima. Mwanga unaogusa maji kwa ubavu unadunda juu kama kwenye kioo.

Urefu nao una maana. Ukishusha taa kutoka mita moja hadi nusu mita juu ya maji, mwanga unaopiga pale chini yake unakuwa mara nne, ila eneo linakuwa dogo. Anza na nusu mita kwenye elea lililo imara, kisha rekebisha kufuatana na mawimbi.

Taa ya kuzamisha haipotezi mwanga kwa kudunda, na inafaa ukivua ukiwa umetulia sehemu moja, kama kwenye kipe au gatini. Kwa mtumbwi unaozungusha wavu, waya wa kuzama unaweza kunasa. Ukiamua kuzamisha, angalia alama ya IP. IP67 inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa, yaani ikidondoka utaiokota. Ya kukaa majini usiku kucha ni IP68, na kina chake kimeandikwa na mtengenezaji. Nyingi za kuzamisha hupozwa na maji, kwa hiyo usiziwashe nchi kavu kwa muda mrefu, zitaungua.

KITUFE CHA KUPUNGUZA MWANGA

Kama una nafasi ya kuongeza pesa kidogo, ongeza hapa. Wavuvi wazoefu hawavuti wavu taa zote zikiwa zinawaka. Wanazizima moja moja wakiacha ya katikati, samaki wanasogea pamoja, ndipo wanazungusha. Taa inayopungua polepole inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, maana ukizima ghafla kundi linatawanyika.

HESABU YA PESA

Karabai moja inakula kati ya lita moja na mbili za mafuta ya taa kwa usiku. Tuchukue lita moja na nusu. Taa tano ni lita 7.5. Ukivua usiku 20 kwa mwezi, ni lita 150. Kama mwaloni kwako lita ni shilingi 3,000, unachoma 450,000 kila mwezi, na hapo sijahesabu vioo na utambi.

Sasa tuseme seti moja kamili ya taa, betri na paneli ni 250,000. Tano ni 1,250,000. Ukigawanya kwa 450,000, mtaji unarudi kwa karibu miezi mitatu ya kuvua. Hizo bei ni za mfano tu, weka za kwako. Ila usiishie hapo: kila mwezi tenga kiasi cha kununua betri nyingine, maana itakufa siku moja na mkopo wa pili si dawa.

Angalia pia kalenda. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei. Ukichukua mkopo ambao marejesho yake yanaangukia kipindi cha kufungwa, utauza taa ili ulipe deni la taa.

MBALAMWEZI

Usijaribu kushindana na mwezi kwa kuongeza wati. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga kidogo na taa yako haivuti tena kama gizani. Tumia siku hizo kushona nyavu, kusafisha paneli, kukaza nyaya na kupumzisha vijana.

JARIBU KABLA YA KUNUNUA ZOTE

Nunua au azima taa mbili kwanza. Usiku mmoja tumia mpya, unaofuata tumia za zamani, hivyo hivyo kwa giza zima, eneo lile lile na wavu ule ule. Kwenye daftari andika tarehe, taa uliyotumia, hali ya upepo, sado ulizopata na mafuta uliyochoma. Usiku mmoja wa bahati usikudanganye, giza moja zima ndilo linalosema ukweli. Na saa ya kwanza taa kuanza kufifia, iandike pia.

SHERIA NA USALAMA

Kabla ya kulipa, pita ofisi ya uvuvi au kwa viongozi wa BMU, uulize masharti ya taa na ya tundu la wavu kwenye maji yako. Taa kali na wavu wa tundu dogo vinabeba dagaa wachanga na watoto wa sangara, na mwakani utavua maji. Hakikisha leseni yako na usajili wa chombo viko hai.

Betri iwe kwenye boksi lenye mfuniko, imefungwa isibiringike mtumbwi ukiyumba. Beba tochi moja ya pembeni yenye chaji yake, isiyohusika na kuvua kabisa. Upepo ukibadilika usiku na taa zote zikagoma, tochi hiyo ndiyo itakayofanya mitumbwi mingine na boti kubwa wakuone. Na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu. Betri iliyokufa irudishe kwa wanunuzi wa betri mbovu, usiitupe ziwani.

KWA KIFUPI, UKIENDA DUKANI:

- Beba rula, pima paneli.
- Uliza lumeni, siyo wati peke yake.
- Betri itoshe saa 10 na ibaki na akiba.
- Rangi nyeupe ya baridi, 5,000K hadi 6,500K.
- Kofia ya kuelekeza mwanga chini.
- Kitufe cha kupunguza mwanga.
- IP67 kwa ya juu ya maji, IP68 kwa ya kuzama.
- Risiti na udhamini wa maandishi.

Muuzaji akikataa usiwashe taa pale dukani kwa saa moja uone kama inapata joto kupita kiasi au kufifia, nenda duka la pili. Giza linakuja kila mwezi, hakuna haraka ya kutupa pesa.

Somo lijalo tutaangalia kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani, maana ukivua vizuri halafu ukauza dagaa wenye mchanga, taa yako imefanya kazi bure. Kazi njema.