Arusi Kabambare, safari kutoka Kasongo

Swali: Rafiki yangu anaoa Kabambare mwezi wa Novemba, nami ni shahidi wake. Nitoke Kasongo siku moja kabla?

Jibu: Hapana, ndugu; toka siku tatu kabla. Novemba ni mvua, na njia ile ni ya udongo: lori moja likizama, mengine yote hukwama nyuma yake. Utasema pikipiki hupenya. Kweli, ila daraja la magogo likilegea, hata hiyo pikipiki husubiri, na suti yako ndani ya mfuko wa plastiki. Utaogopa kuwalemea wenyeji? Beba mchele wako. Na lazima ufike mwenyewe: Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1987 inataka mashahidi mbele ya afisa, si salamu za simu. Usalama wa njia uulizie kwa madereva waliofika jana. Na kama tarehe haijatangazwa, mwombe bwana arusi asogeze hadi Julai, kiangazi.