KUTU NI ADUI WA MOTOKAA
Kazi ya Kufanya Kabla ya Kupaka Fila

Katika nchi ya Meru na Embu motokaa ni chombo cha riziki. Pikapu huchukua miraa kutoka Maua kwenda Nairobi, malori hubeba chai na kahawa, na matatu hupeleka abiria Runyenjes, Chuka na Nkubu. Lakini vyombo hivi vina adui asiyepiga kelele, naye ni kutu.

Kutu huzaliwa mahali ambapo chuma, maji na hewa hukutana. Mvua ndefu za Machi hadi Mei, na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, hugeuza udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya kuwa tope zito. Tope hilo hunata juu ya magurudumu na chini ya milango, likatunza unyevu siku nyingi baada ya jua kutoka. Miraa nayo hufungwa kwa majani mabichi ya mgomba ili isinyauke, na unyevu wake hushuka katika sakafu ya pikapu. Rangi ikiwa imekwaruzwa, kutu huingia. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo sababu huinua rangi na kufanya malengelenge.

Kosa la Kuficha Kutu

Mwenye motokaa aonapo malengelenge hayo, mara nyingi hutaka fila ipakwe siku ile ile ili gari lirudi kazini. Kazi ya namna hiyo hupendeza macho kwa miezi michache tu. Fila iliyopakwa juu ya kutu haikushika bati. Imeshika kutu, na kutu hubanduka. Maji yakipata ufa, fila huyanywa na kuyaweka karibu na chuma. Mwishoni fila huanguka, na tundu linaloonekana ni kubwa kuliko la kwanza. Fedha imetumika mara mbili.

Hatua za Kazi

Kwanza, mahali pa kutengenezwa paoshwe, kisha mafuta yafutwe kwa thina. Asuguaye kabla ya kufuta mafuta huyasukuma ndani ya vishimo.

Pili, rangi na kutu viondolewe kwa brashi ya waya, msasa nambari 80 au grainda, mpaka bati ling'ae, kupita mpaka wa kutu kwa vidole viwili au vitatu kila upande. Grainda isikae mahali pamoja, maana bati hupata moto, likajikunja na kuwa jembamba.

Tatu, bati lijaribiwe kwa ncha ya bisibisi. Likiwa gumu, lenye vishimo tu, laweza kuponywa. Likitoboka au likibonyea, fila haifai: sehemu hiyo ikatwe mpaka kwenye bati zima, na kipande kipya kichomelewe. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zifunguliwe, na petroli iwe mbali na cheche.

Nne, vishimo vitibiwe. Hata baada ya grainda, nukta nyeusi husalia ndani yake. Hiyo ni kutu ambayo brashi haikuifikia. Hapo hupakwa dawa ya kutu yenye tindikali ya fosfori, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, wala isiachwe ikauke. Tindikali hiyo huigeuza kutu kuwa fosfati ya chuma. Kisha mahali hapo pasuguliwe, paoshwe kwa maji safi na kukaushwa mara moja. Tindikali ikibaki, fila haitashika vizuri. Fundi avae glovu za mpira na miwani. Maji ya betri yasitumiwe badala yake. Hayo hula bati lenyewe.

Tano, praima ya epoksi ipakwe siku hiyo hiyo. Bati tupu likilala nje katika ukungu na umande wa mlimani, huanza kutu tena kabla ya asubuhi. Praima ikikauka, ikwaruzwe kidogo kwa msasa.

Sita, ndipo fila ipakwe. Dawa ya kuigandisha iwe kama sehemu 2 kwa 100 za uzito, au kama mkebe unavyoagiza. Ipakwe kwa tabaka nyembamba, na ikisha kusuguliwa isizidi milimita 3. Isuguliwe kavu, bila maji, na fundi afunike pua na mdomo kwa sababu ya vumbi. Kisha ipakwe praima tena, halafu rangi. Upande wa ndani wa bati nao ukingwe kwa nta au rangi, na matundu ya kutolea maji chini ya milango yazibuliwe.

Jambo la Uhai

Fila ni pambo; haina nguvu ya kubeba mzigo. Kuificha chasisi iliyooza, au mahali panapofungwa mikanda ya viti, ni kuhatarisha roho za abiria. Barabara ya Embu hadi Meru ina kona nyingi na mabonde kama lile la Nithi. Siku ya kugongana, bati bovu halimkingi mtu. Anayenunua motokaa kuukuu na achukue sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa, aipitishe juu ya bodi. Ikikataa kushika mahali palipo na bati la chuma, pana fila nene chini ya rangi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini anayeuziba ufa bila kuondoa kilichooza atajenga ukuta vile vile.