Vinavyoanguka Mapema

Wenzangu wasomaji, nataka kuwaeleza kosa nililolifanya nilipokuwa kidato cha kwanza, maana kwa kosa hilo nilijifunza jambo kubwa.

Kila mwanafunzi alipewa mstari mmoja wa maharagwe katika shamba la shule. Mbegu zangu zilipochipua, niliona kila mche umebeba nusu mbili za mbegu, nene na zisizo na uzuri wowote. Nikadhani ni makapi, nikazing'oa zote ili mstari wangu upendeze. Baada ya majuma mawili miche ya jirani yangu ilikuwa imestawi. Yangu ilikuwa midogo na dhaifu.

Mwalimu hakunigombeza. Alinionyesha mche wa jirani akasema, "Hii ndiyo akiba ya mche. Kabla majani hayajaweza kujitafutia chakula, mche hula humu. Akiba ikiisha, nusu hizi hunyauka na kuanguka zenyewe."

Tangu siku ile nikaanza kutazama vitu vingine vinavyoanguka mapema. Kumbikumbi hutoka kichuguuni baada ya mvua, huruka mara moja tu, kisha hukatika mbawa penye mstari mwembamba karibu na mwili. Ndipo dume na jike huingia ardhini kuanza kichuguu kipya. Lakini bila mbawa hizo wasingalifika huko.

Na sisi je? Mtoto huota meno ya utoto 20. Jino jipya likija chini yake, mzizi wa jino la utoto huyeyuka kidogo kidogo, mpaka jino likalegea na kutoka. Meno ya mbele huanza kutoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, lakini magego hukaa mpaka miaka 10 au 12. Gego likitolewa mapema mno, meno ya kandoni huegemea pengo, na jino jipya huweza kukosa nafasi, likaota upande.

Likizo iliyopita mdogo wangu wa miaka 5 alilia usiku kwa gego lililotoboka. Kaka yetu akasema, "Ling'olewe tu, ni la utoto, litaota jingine." Nikamweleza mama habari ya maharagwe yangu. Asubuhi tulimpeleka kwa mganga wa meno, naye akalisafisha na kuliziba. Gego lipo hata leo.

Basi, ndugu zangu, kitu kikiwa cha kuanguka, tukiache kianguke kwa wakati wake.