Fedha za Mlengwa Hazikatwi Mezani

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya kaya zinazopokea ruzuku ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, na kwa ajili ya majirani zao wasiopokea. Kilichotusukuma ni malalamiko ya aina moja yanayorudi kila baada ya dirisha la malipo: fedha zimefika kijijini kamili, nyumbani zimefika pungufu. Tunalisema mapema, na tutalirudia: hakuna mtu mwenye haki ya kukata fedha za mlengwa wakati anapozipokea. Awe mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mjumbe wa kamati, wakala wa simu au mjukuu aliyemsindikiza bibi yake, hana haki hiyo. Mengine yote yaliyomo humu ni maelezo ya kwa nini iko hivyo, na ya nini kifanyike pale inapokuwa vinginevyo.

Tuanze na swali ambalo walengwa wengi hawaulizi kwa sababu wanaona aibu: fedha hizi ni za nani? TASAF ilianzishwa mwaka 2000, na kwa miaka mingi kazi yake ilijulikana zaidi kwa madarasa, zahanati na visima. Mpango wa kuzilipa kaya moja kwa moja ulizinduliwa mwaka 2012, kipindi chake cha pili kikazinduliwa Februari 2020, na kaya zilizofikiwa zimepita milioni moja. Sehemu kubwa ya gharama imetoka Benki ya Dunia kupitia mfuko wake wa nchi maskini, IDA, na wahisani wengine wakaongeza kwa nyakati mbalimbali. Jambo lisilosemwa vya kutosha mikutanoni ni kwamba fedha za IDA kwa mpango huu zimekuja kama mkopo wa masharti nafuu. Mkopo hulipwa. Utalipwa kwa miongo kadhaa kutokana na kodi za Watanzania, zikiwemo kodi anazolipa mlengwa mwenyewe kila anaponunua sabuni au anapoongeza salio. Kwa hiyo anayemwambia mama mjane kwamba "ashukuru" kwa sababu amesaidiwa anamdai shukrani kwa mkopo ambao watoto wa mama huyo watausaidia kuulipa. Na hata ile sehemu ambayo ni msaada mtupu haina ndani yake fungu la kumshukuru aliyeita majina.

Sasa tuangalie makato yenyewe yanavyotokea. Pale fedha zinapolipwa taslimu, mlengwa huitwa jina, huonyesha kitambulisho, huweka dole gumba kwenye karatasi ya malipo, huhesabiwa noti mbele ya watu. Hadi hapo kila kitu ni sawa, na karatasi itaonyesha kwamba amepokea zote. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mti au kwenye baraza ya ofisi ya kijiji, pana meza ya pili yenye daftari. Huko ndiko kunakodaiwa mchango wa choo cha shule, mchango wa mwenge, nauli ya waliofuata fedha wilayani, au hela ya soda tu. Meza ya pili haina karatasi ya dole gumba. Mara nyingi haina hata stakabadhi. Tuchukue mfano: mlengwa amepokea shilingi 40,000 na meza ya pili imechukua 5,000. Yeye ataona ni kidogo, atanyamaza aondoke. Lakini kijiji chenye walengwa 100 kimeachia shilingi 500,000 pale mezani kwa siku moja, na madirisha sita ya mwaka mzima yanafikisha 3,000,000. Anayekata anaijua hesabu hii vizuri. Anayekatwa anaiona 5,000 yake peke yake, na ndiyo maana makato hudumu.

Malipo ya simu na benki yaliletwa kwa sehemu ili kuiondoa meza hiyo, na tunayaunga mkono. Lakini tunaonya kwa ukali, kwa sababu hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote: makato hayakufa, yamehamia kwenye namba ya siri. Ujumbe unaingia, mlengwa hausomi vizuri, anampa wakala simu ili "amsaidie". Wakala anauliza namba ya siri, naye anaitaja kwa sauti mbele ya foleni. Anarudishiwa simu na noti, na akiuliza mbona ni chache anaambiwa ni ada ya kutolea. Ada ya kutolea ipo kweli, lakini mtandao huikata wenyewe ndani ya simu na kuionyesha kwenye ujumbe. Wakala halipwi mkononi. Ukiona ujumbe umefutwa kabla hujausoma, hapo pana neno. Usimtajie mtu namba yako ya siri. Usiiandike nyuma ya kitambulisho. Usiache laini yako kwa kiongozi "aitunze" mpaka dirisha lijalo, hata akiwa mtu wa ibada na anayeheshimika. Na hakuna ofisi halali itakayokupigia simu kuuliza namba hiyo. Anayepiga na kuiuliza ni mwizi, hata akitaja jina lako na la kijiji chako.

Atakayesema kwamba ushauri huu haumfai bibi wa miaka themanini asiyeona herufi ana hoja, na hatuwezi kuipita kimya. Wapo walengwa wasioweza kutumia simu peke yao. Jibu letu ni kwamba msaidizi awe mmoja na ajulikane wazi: mlengwa amtaje mbele ya kamati ya usimamizi ya jamii, aandikishwe kama mpokeaji kwa niaba yake, na siku ya malipo waende pamoja inapowezekana. Msaidizi anayejulikana na kijiji kizima anaulizwa. Yule aliyepewa namba ya siri chumbani haulizwi na mtu.

Yapo maoni kwamba kuwaeleza watu haki zao ni kazi bure, kwa kuwa mwenye madaraka atakula tu. Ushahidi haukubaliani nayo. Nchini Uganda, utafiti wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson ulifuatilia ruzuku ya serikali kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995 na kukuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ilifika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kile zilichopokea. Kufikia 2001 fungu lililofika lilikuwa limepita asilimia 80. Wapo watafiti waliosema mageuzi mengine ya wakati ule yalichangia pia, na ni kweli kwamba gazeti peke yake halifungi mkono wa mtu. Indonesia ilijaribu kwa njia ya kubana zaidi. Mchele wa ruzuku ulikuwa ukiuzwa ghali kuliko bei iliyopangwa na kugawiwa wasiohusika; mwaka 2012 baadhi ya vijiji vilitumiwa kadi zinazomwonyesha mlengwa haki yake, vingine havikutumiwa, na palipotumwa kadi walengwa walipata ruzuku kubwa zaidi kwa takriban asilimia 26. Pale ambapo orodha na taarifa zilibandikwa hadharani, kila mtu azione, matokeo yalikuwa makubwa zaidi. Somo tunalolichukua hapa ni kwamba jirani asiyepokea anatakiwa ajue kiasi sawasawa na anayepokea. Ndiyo sababu kijitabu hiki kinawahusu wote wawili.

Viongozi wa vijiji nao wana hoja, na baadhi yao ni watu waadilifu wanaohangaika na choo cha shule kilichobomoka. Wanasema mlengwa ni mwanakijiji kama wengine, naye lazima achangie. Tunakubali kwamba ni mwanakijiji. Basi achangishwe kama mwanakijiji: kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana nafasi ndani yake, kwa kiwango kilekile cha wengine, kwa stakabadhi, na kwa siku nyingine. Kumvizia siku ya malipo maana yake ni kwamba maskini kuliko wote kijijini anakuwa wa kwanza kutoa, mwenye duka akifuatwa baadaye au asifuatwe kabisa. Hilo halikubaliki hata kama choo kitajengwa.

Nyuma ya hoja ya choo ipo nyingine isiyotamkwa mkutanoni, kwamba maskini akiachiwa fedha zote atazinywa. Imechunguzwa. David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 kutoka nchi mbalimbali na hawakukuta kwamba ruzuku huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Hapa nyumbani, majaribio ya kuanzia 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yaliyolinganisha vijiji vilivyolipwa na vilivyosubiri, yalionyesha kaya zilizolipwa zikifuga zaidi, watoto wakivishwa viatu, na wengi zaidi wakiwa na bima ya afya ya CHF. Na huko Siaya, Kenya, ambako shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa kaya zaidi ya 10,000, kila dola iliyotolewa ilizungusha takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo, wasiopokea nao wakinufaika. Shilingi inayoingia mfukoni mwa mkataji haipiti kwa muuza dagaa wala kwa fundi cherehani wa kijijini.

Linalowafunga watu midomo zaidi ni hofu ya kukatwa jina. Kaya huibuliwa na mkutano wa jamii, kisha taarifa zake huchambuliwa kwa kigezo kimoja nchi nzima. Ni kweli majina huondolewa. Uhakiki wa mwaka 2016 uliondoa zaidi ya kaya 50,000, kwa sababu kama vile wahusika kufariki, kuhama, kuwa viongozi au kutokuwa maskini. Kulalamika si sababu mojawapo. Kiongozi anayekutisha kwamba atalifuta jina lako anajipa madaraka asiyo nayo, na kitisho hicho chenyewe ni jambo la kuripotiwa.

Ukikatwa, usisubiri dirisha lijalo. Siku hiyohiyo andika au uandikiwe tarehe, mahali, kiasi ulichotilia dole gumba, kiasi ulichotoka nacho, na jina la aliyepokea. Kama ni simu, usifute ujumbe. Peleka kwa kamati ya usimamizi ya jamii. Mkataji akiwa ndani ya kamati hiyo, iruke, nenda kwa mratibu wa TASAF katika halmashauri. Palipo na kudaiwa chochote ili ulipwe au ubaki kwenye orodha, hiyo ni rushwa chini ya sheria ya mwaka 2007, na simu ya taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, ni 113, bila malipo. Nendeni wawili au watatu mliokatwa siku moja, na mtakapofika ombeni malalamiko yenu yaandikwe mbele yenu na mpewe tarehe ya majibu.