Mji wa Bukhara na Mazingatio Yake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Kila siku katika darsa zetu twasikia, "Ameipokea Bukhari." Wachache wetu hukumbuka kuwa jina hilo ni nisba ya mji, nao ni Bukhara, ulioko Uzbekistan, katika Asia ya Kati. Qur'ani imetuamrisha kutembea katika ardhi na kuzingatia khabari za waliotutangulia. Basi na tuutazame mji huo kwa jicho la msafiri mwenye akili.

Afikapo, huuona mnara wa Kalyan uliojengwa mwaka 1127, urefu wake wapata mita 46. Genghis Khan alipouteka mji mwaka 1220, msikiti mkuu uliteketea, mnara ukasalimika. Karibu nao iko Madrasa ya Mir-i Arab, ya karne ya 16. Wasovieti waliifunga, kisha ikafunguliwa tena baada ya Vita Vikuu vya Pili. Haya yote ni mazuri kuyaona.

Lakini msafiri akiuliza, "Kaburi la Imamu Bukhari liko wapi?" ataambiwa, "Haliko hapa." Kwa nini, na hali alizaliwa hapa mwaka 194 wa Hijra (810)?

Wanavyuoni wa tarikhi wamesimulia kuwa Imamu aliporejea kwao, baada ya miaka mingi ya kutafuta Hadithi, liwali wa mji alimtaka aende kwake akamsomeshee wanawe peke yao. Imamu akakataa, kwa kuwa elimu haipelekwi milangoni pa wakubwa, wala hawanyimwi watu wengine. Liwali akakasirika, wakatafutwa watu wa kumtia ila katika itikadi yake, akatolewa mjini. Alifariki mwaka 256 (870) katika kijiji cha Khartank, karibu na Samarkand, na huko ndiko alikozikwa.

Leo juu ya kaburi lake pana jengo kubwa, na wageni hawakatiki. Azuruye na atoe salamu, amwombee Imamu kwa Mola wake, akumbuke mauti. Wala asimwombe maiti haja yake, kwani haja huombwa Mwenyezi Mungu peke yake.

Ndugu zetu, tusicheke watu wa Bukhara. Ni mara ngapi mwalimu wetu amesema haki, tukampa kisogo kwa kumwogopa tajiri? Ni wangapi wamesomesha watoto wetu miaka na miaka, wakafa na deni la dukani, kisha tukachanga fedha za kulijengea kaburi? Kumheshimu mwanachuoni ni kumsikiliza na kumkimu angali hai. Aliyekwisha kufa hahitaji chokaa yetu. Ahitaji dua, na elimu yake ifuatwe.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.